Mtani Aliyechorwa Ukutani

Kabla mashine za kuchapa mabango hazijafika Tabora, ilikuwa vigumu kupata duka kati ya Ipuli na sokoni ambalo jina lake halikuandikwa na Silasi. Kinyozi akitaka kichwa cha kijana aliyenyolewa vizuri, Silasi alikichora. Mwenye bucha akitaka ng'ombe anayecheka, Silasi alimchekesha, ingawa ng'ombe hana sababu yoyote ya kucheka mlangoni pa bucha. Alikuwa Mnyamwezi wa hapo hapo mjini, Mmoraviani, mwimba besi kwenye kwaya, mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi.

Kisha mashine zikaja. Mtu anaingia dukani na picha kwenye simu, anatoka na bango la plastiki linalong'aa, na kinyozi ana kichwa cha mchezaji wa Ulaya badala ya kile cha shemeji yake Silasi. Ukafuata ule mwaka wa barakoa, na hata wale wachache waliopenda rangi ya mkono wakafunga maduka yao. Silasi akawa mtu wa kushinda nyumbani. Mkewe, Levina, ndiye aliyekuwa akitoka asubuhi na ndoo ya maziwa mgando kichwani, na Silasi akimwona anavyoondoka alikuwa anajifanya bado amelala.

Kwa hiyo waliposema halmashauri imepata fungu la kuwapa kazi wachoraji wa mkoa, wachore historia kwenye kuta za majengo ya umma, Silasi alidhani anataniwa. Serikali imlipe yeye achore? Alikwenda kwa afisa utamaduni akiwa amevaa suruali ya kanisani, akarudi amepewa ukuta mrefu kuliko yote, ule uzio wa stendi unaotazama barabara. Mada yake ilikuwa njia ya misafara, kutoka pwani mpaka hapa Unyanyembe, na kutoka hapa mpaka Ujiji. Afisa alitaka wapagazi, pembe, miembe, Waarabu na bunduki zao, na akasisitiza kwamba wale waliofungwa minyororo waonekane vizuri, wasifichwe pembeni kama watu wanavyopenda kuwaficha.

Sasa, Silasi alikuwa na udhaifu mmoja ambao mabango hayakuwahi kuufichua. Hakuweza kuchora sura ya mtu asiyekuwepo. Akibuni sura, inatoka kama kibuyu kilichowekewa macho. Ndiyo maana vichwa vya vinyozi vilikuwa vya shemeji zake, na yule mama wa bango la cherehani alikuwa Levina. Ukutani akafanya vile vile. Kiongozi wa msafara, mwenye manyoya kichwani na fimbo mkononi, akampa sura ya mzee wa kanisa. Mbeba pembe akawa mwimba sauti ya teno wa kwaya yake. Watu walipojua, wakaanza kupita stendi bila safari yoyote, wanasimama wima mbele yake, wanajigeuza upande, wanauliza kama hajabaki mpagazi asiye na kichwa. Wenyewe walijipiga picha na sura zao. Silasi alirudi kuwa mtu mjini, na Levina akaacha kubeba ndoo kwa muda.

Ng'ambo ya barabara, chini ya bati moja lililoegeshwa kwenye nguzo, alikuwa anauza chai na vitumbua Mwanamkuu. Mama mtu mzima, mnene wa wastani, mwenye baka jeusi chini ya jicho la kushoto na sauti ya kusimamisha basi. Ukoo wao ni Wazaramo, ndivyo ilivyojulikana. Mzee wao alikuja na misafara kutoka pwani, akapata mke, akabaki. Na Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani. Utani huo ulizaliwa njiani humo humo, kwa watu waliotembea miezi pamoja na mizigo kichwani, wakaona ni afadhali watukanane kwa kicheko kuliko wauane kwa uchovu. Mtani humwambia mtani wake lolote, na aliyeambiwa hana ruhusa ya kukasirika. Anachoweza ni kujibu kwa kali zaidi.

Kwa hiyo kati ya Silasi na Mwanamkuu hapakuwa na shikamoo, japo mama alimpita umri kwa mbali.

"Mtumwa wangu," Silasi alikuwa anaita kutoka juu ya ngazi, "chai iko wapi? Nimekununua kwa kitambaa kizuri, unanipa hasara."

"Wewe uliyeuzwa kwa chumvi?" Mwanamkuu anajibu huku anamimina. "Tena chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga. Shuka unywe kabla sijakurudisha kwa mwenyewe."

Wapita njia wanacheka. Hivyo ndivyo walivyosalimiana miaka yote, na kama siku moja mmoja angekaa kimya, mwenzake angeuliza kama anaumwa.

Mwanamkuu alikuwa na kaka yake, Uwesu, fundi baiskeli, na huyu ndiye alikuwa rafiki hasa wa Silasi. Mtu mkimya, mwenye mguu wa kuchechemea kidogo, kikohozi kikavu na kofia ya kufuma iliyokolea grisi. Miaka mingi nyuma, kabla ya habari yoyote ya ukuta, mvua iliwafungia wawili hao kwenye kibanda cha Uwesu mchana kutwa. Silasi alikuwa anamtania kama kawaida, mtumwa huyu, mtumwa yule, na Uwesu, akiwa anatafuta tundu la tairi kwenye karai la maji, akasema bila kuinua uso:

"Mtani, tunawadanganya. Uzaramo wetu ni wa kuazima."

Akaeleza kwa ufupi. Bibi mzaa bibi yao hakutoka pwani. Alitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, akiwa msichana, na alifika hapa na mnyororo shingoni. Alipoachiwa, akapata hifadhi kwenye nyumba ya mpagazi wa Kizaramo, na watoto wake wakachukua kabila la nyumba iliyowafunika. Tangu hapo wakawa Wazaramo, na wakawa watani wa Wanyamwezi, wakitukanana utumwa na watu ambao hawakujua wanasema nini.

"Dada hapendi lisemwe," Uwesu alimalizia. "Nimekwambia wewe kwa sababu wewe hata ukilisema, watu watacheka tu."

Silasi alicheka hapo hapo, kuonyesha kwamba amelipokea kama mtani. Hakumwambia mtu, hata Levina. Kwa haki yake niseme hivyo, maana mengine yanayofuata hayana haki ndani yake.

Ilipofika zamu ya kuchora wale wa minyororo, mkono wa Silasi ulikwama. Hakuna aliyekuja kuazimisha sura kwa ajili ya hao. Wale wale waliokuwa wakijipitisha mbele ya ngazi, sasa walivuka barabara. Akabuni sura ya kwanza, kibuyu. Akabuni ya pili, kibuyu kikubwa zaidi. Afisa utamaduni alikuja, akatazama, akakuna kidevu, akasema mbona hawa hawana uhai. Silasi aliona aibu. Kwa mara ya kwanza tangu mashine zije, watu walikuwa wanamtazama kama fundi, na mbele yao sasa akakwama kwenye sehemu iliyokuwa na uzito kuliko zote.

Asubuhi moja akiwa ameshika brashi, alimtazama Mwanamkuu ng'ambo. Mama alikuwa ameinama kupuliza moto, moshi umemwingia machoni, uso wake umejikunja kwa uchovu ambao mchana alikuwa anauficha kwa kelele. Silasi akakumbuka lile karai la maji na tundu la tairi. Akaanza kuchora.

Alijiambia ni utani. Mtumwa wangu nimemweka mahali pake, atacheka mji mzima usikie. Alijiambia hivyo akiweka nyusi, akajiambia tena akiweka mdomo. Lakini mtu anayetania huchora haraka na kwa kukuza vitu, pua kubwa, masikio ya punda. Silasi alichora taratibu, kwa makini kuliko alivyowahi kuchora kitu chochote maishani, na alipofika chini ya jicho la kushoto hakulisahau baka. Ikatoka sura iliyomfanya mwenyewe ashuke ngazi na kurudi nyuma mpaka katikati ya barabara. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote ukutani, na alijua kwa nini ni nzuri. Alijua, akafurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumtesa baadaye kuliko kosa lenyewe.

Mwanamkuu aliitwa kuja kuona. Alivuka barabara akifuta mikono kwenye kanga, watu wakamfuata wakitarajia mchezo. Akatazama. Akagusa baka lake kwa kidole, wengi hawakuona.

"Nani kakwambia nilikuwepo pale?" akauliza.

Watu wakaangua kicheko. Silasi naye akacheka, kwa nguvu kuliko wote. Mwanamkuu akapaza sauti kwamba subiri, na yeye atamchora Mnyamwezi huyu kwenye ukuta wa choo, akarudi kwenye chai yake. Jioni ile Uwesu alipita na baiskeli, akasimama, akaangalia ukuta, kisha akamwangalia Silasi. Hakucheka. Alikohoa kidogo, akapanda baiskeli yake akaenda.

Siku ya ufunguzi palikuwa na ngoma, mgeni rasmi alikata utepe, na Silasi akapewa mkono mbele ya kamera. Mgeni rasmi alisimama kwa muda mrefu mbele ya yule mama wa minyororo, akasema sura hii inasema historia yote. Levina alibubujikwa na machozi. Silasi alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa yanatafuta bati la ng'ambo, na chini ya bati hapakuwa na mtu. Mwanamkuu hakufungua biashara siku hiyo.

Alifungua kesho yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Stendi ni mahali pa watu wa kila kabila. Makondakta wa Kigoma, madereva wa Singida, wafanyabiashara waliotoka mikoa ya mbali, wote walikuwa wameona ukuta na wote wakaona mwenye sura anauza chai mbele yake. "Mama mtumwa, nipe vitumbua viwili." "Mtumwa, chai ya rangi." Walisema kwa uchangamfu, wakidhani ni jina la biashara, maana hata serikali imelitundika. Na Mwanamkuu, mwenye ulimi wa kumkata Silasi vipande asubuhi mpaka jioni, hakuwa na la kuwajibu. Hao hawakuwa watani wake. Utani hauazimishwi kama jembe. Ni wa watu maalumu, na neno lile lile linalochekesha mdomoni mwa Silasi, mdomoni mwa mpita njia ni tusi kamili. Silasi alikuwa amelichukua tusi la nyumbani kwao wawili, akalibandika barabarani ili kila mtu alitumie.

Halafu wazee wa mji wakaanza kunong'ona. Mmoja, mwenye kumbukumbu ndefu na kazi chache, alisema kwenye baraza ya kahawa kwamba mbona mchoraji kasema kweli tupu, Uzaramo wa ukoo ule, mama yake mwenyewe aliujua kuwa ni wa kushona. Neno likatembea. Baada ya wiki chache bati la Mwanamkuu lilishushwa, na nguzo zikabaki zimesimama peke yake.

Silasi hakula vizuri kipindi hicho. Alikwenda nyumbani kwa Mwanamkuu na kilo za sukari, ameandaa maneno ya kuomba radhi, akapokewa mlangoni kwa sauti ile ile ya siku zote.

"Mtumwa kaleta kodi! Weka hapo. Hii sukari umeiba wapi?"

Akajaribu kusema, "Mama, lile la ukutani…"

"Mtani haombi radhi," Mwanamkuu akamkatiza, akicheka kwa mdomo tu. "Mtani hujibiwa. Na mimi bado natafuta jibu. Nenda."

Alipaswa kumuuliza anataka nini. Jambo dogo hivyo, la kumuuliza mwenye sura kuhusu sura yake. Hakuuliza mara ya kwanza, na safari hii pia alirudi hajauliza, kwa sababu aliogopa jibu. Badala yake alikwenda kwa afisa utamaduni kuomba abadilishe kichwa kimoja. Afisa akashangaa. Ukuta umeshapokelewa, ni mali ya umma, na kichwa chenyewe ndicho mgeni rasmi alichokisifu. Hapana.

Jumapili, alfajiri, kabla ya kengele ya kwanza ya kanisa, Silasi alibeba ngazi na kopo la rangi ya udongo. Alipaka kuanzia kwenye paji, akafunika macho, akafunika baka, akashuka mpaka kwenye kidevu, na mnyororo ukabaki umezunguka shingo isiyo na uso. Aliposhuka alijisikia mwepesi. Aliimba besi yake asubuhi hiyo bila kukosea.

Wepesi huo ulidumu mpaka mchana. Mtu ambaye hakuwahi kuutazama ukuta kwa makini, sasa alisimama. Kati ya watu wote wale wenye sura nzuri, mmoja ana doa la rangi mahali pa uso. Nani huyo, na kafutwa kwa nini? Na walikuwepo wa kueleza. Picha zikapigwa, zikatumwa kwenye simu, ile ya zamani na hii mpya sambamba. Waliokuwa wakidhani ni mchezo wa watani wakasema kumbe si mchezo, mchezo haufutwi alfajiri.

Levina aliona picha hizo kwenye simu ya jirani. Alirudi nyumbani akakaa mbele ya mumewe.

"Umemfuta," akamuuliza, "au umemnyooshea kidole?"

Ndipo alipomweleza mkewe habari ya karai la maji, aliyoificha miaka yote, na Levina akasikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akatoa ile ndoo ya maziwa akaanza kuisugua.

Msimu wa masika ulipokuwa unaisha, Uwesu akafariki. Kikohozi kile kilikuwa na mambo yake. Silasi alipopata habari alilia kama mtoto, na katikati ya kilio, nasema ukweli, kikamjia kitu kinachofanana na tumaini. Maana msiba ni uwanja wa mtani. Siku hiyo watani wana kazi yao, tena hakuna mwingine anayeweza kuifanya: kuvaa nguo za marehemu, kuigiza mwendo wake, kuzuia jeneza mpaka walipwe, kuwachekesha wafiwa kwa nguvu ili huzuni isiwameze. Huko Mwanamkuu hawezi kumfukuza. Atamwita mtumwa, naye atamjibu, na ndani ya makelele hayo kila kitu kitarudi mahali pake bila mtu yeyote kulazimika kusema samahani. Ndivyo alivyopanga njiani.

Alifika uani amejikakamua. Wanawake wameketi kwenye mikeka, wanaume wako nje na sheikh, maji ya kuoshea maiti yanachemka. Baiskeli ya Uwesu imeegemezwa ukutani na ile kofia ya grisi imetundikwa kwenye usukani. Silasi akaivaa. Akaishika baiskeli, akaanza kuikokota uani akichechemea kidogo kama Uwesu, akakohoa kile kikohozi kikavu, akapaza sauti:

"Nani kasema nimekufa? Nimekwenda kuziba tundu! Leteni pancha zenu, watumwa nyie!"

Ilikuwa igizo zuri. Sauti ilikuwa ya Uwesu hasa, na mwanamke mmoja pembeni aliziba mdomo kwa kanga. Lakini hakuna aliyecheka. Silasi akazungusha baiskeli mara ya pili, akakohoa tena.

Mwanamkuu akatoka ndani. Alikuwa amepungua. Alikuja na kiti cha plastiki, amekibeba mwenyewe, akakiweka kivulini pale wanapokaa wageni waliotoka mbali.

"Mtumwa wangu," Silasi akaanza.

"Uwesu aliniambia," Mwanamkuu akasema kwa upole. "Kabla hajaondoka. Aliniomba radhi yeye, anaumwa vile. Alisema alikwambia wewe kwa sababu wewe ni mtani, na neno likiingia kwa mtani linapotelea kwenye kicheko. Alikuamini kwa hilo."

Silasi alishika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili.

"Nilipaswa kukuuliza," akasema. "Mama, wallahi nilipaswa kukuuliza kwanza."

"Ungeuliza ningekataa mara ya kwanza. Mara ya pili pia ningekataa." Akanyoosha mkono, akamvua Silasi kofia ya kaka yake taratibu, kama mtu anavyomvua mtoto. "Uliponiweka pale nilisema sawa, watachoka. Bibi yangu hakuwahi kuwa na picha. Usiku nilikuwa napita peke yangu namtazama. Wewe ukamfuta."

Hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo. Katika majuto yake yote, hilo halikuwemo.

"Ngoja basi nifanye kazi yangu," Silasi akaomba. "Leo tu. Nimzike Uwesu kama mtani."

"Utani ni wa Wazaramo na Wanyamwezi," Mwanamkuu akasema. "Na sisi umeshauonyesha mji mzima kwamba si Wazaramo. Huna mtani hapa. Kaa kwenye kiti, utaletewa chai."

Akasimama akimngoja. Uani wote ulikuwa unatazama, na Silasi akaelewa kwamba kuna jambo moja tu lililobaki ambalo mtu mdogo anaweza kumwambia mtu mzima asiyekuwa na utani naye. Akaegemeza baiskeli ukutani. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Mwanamkuu akajibu, kwa heshima zote. "Ahsante kwa kuja kutupa pole."